Kilichopungua na Kilichopunguzwa

Mhadhara kwa walimu, wahudumu wa afya, wakulima na wafugaji wa Kata ya Migato, Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu



Nimepewa saa moja, nami nimechagua kuitumia kwa neno moja. Neno lenyewe ni kupungua. Si neno la kumpeleka mtu kwenye kamusi. Mtoto wa darasa la awali analijua, na hapa Migato jua halizami bila neno hilo kutamkwa: maziwa yamepungua, mvua imepungua, bei ya pamba imepungua, uzito wa mtoto umepungua, makusanyo ya kijiji yamepungua. Kwa kuwa tunalijua mno, hatulichunguzi.

Dai langu ni hili. Kupungua ni kitenzi cha hesabu, na sisi tumezoea kukitumia bila hesabu. Kikikosa kipimo, huzaa moja ya mabaya mawili: ama kinamficha aliyepunguza, ama kinamtwisha lawama asiyepunguza chochote. Yote mawili yamekwisha kutokea katika nchi hii ya Usukuma, na sitayazunguka.

Jamaa wa kitenzi hiki

Tuanze na ukoo wake, kwa maana kupungua hakuko peke yake. Kiswahili kina vitenzi vingi vya mambo yanayoelekea chini, na kila kitenzi kina jambo lake. Homa hushuka. Maumivu hutulia. Uvimbe hunywea. Rangi ya kitenge hufifia, na ikipigwa na jua sana hupauka. Kiazi kilichokatwa na kuanikwa kwa ajili ya michembe husinyaa. Mtu hukonda. Hasira hupoa. Mvua ina vitenzi vyake: hukatika, na watu wa pwani husema pia imeanuka au imepusa. Mwalimu anayemruhusu mwanafunzi aandike "imepungua" kwa yote hayo hajamfundisha Kiswahili, amemfundisha hesabu ya kutoa.

Wilaya ina kitenzi chake pia. Mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoundwa kutoka sehemu za Shinyanga na Mwanza, Itilima ilitengwa na Bariadi ikawa wilaya inayojitegemea, na Migato ikawa ndani yake. Hakuna aliyesema Bariadi imepungua. Tulisema imemegwa, na neno hilo likatueleza kwamba kilichotoka huku kimeonekana kule.

Wa kwanza wa kumtazama kwa karibu ni kupwa. Sisi wa bara tumekipata kitabuni, lakini kwa watu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu ni kitenzi cha kila siku. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kati ya leo na kesho, na mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani, kilimo kilichoanza huko kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, hupanga kazi zao kwa kupwa huko. Neno pwani lenyewe limetoka hapo: ni mahali maji yanapopwa. Sasa angalieni sifa ya kitenzi hiki. Kupwa kuna kalenda. Maji yaliyopwa hayajapotea wala hayajaibwa, na saa ya kurudi kwake inajulikana. Hakuna mtu wa kulaumiwa na hakuna jambo la kuulizwa. Mtu anayetazama fedha za umma zikiondoka na kujituliza kwamba hujaa na kupwa, ameazima kitenzi cha bahari akakivika mahali kisipotosha.

Wa pili ni kupoa, na huyu ni ndugu yetu wa damu. Mzee wa Kisukuma ukimsalimia "Mwangaluka", hukujibu "Mhola". Kijana wake aliyetoka Mwanza jana ukimwuliza "Mambo?", hukujibu "Poa". Mzee hukunja uso akidhani kijana ameleta lugha ya stendi. Lakini p ya Kiswahili mara nyingi hukutana na h ya Kisukuma. Ndiyo maana pembe ya Waswahili kwetu ni mhembe. Na ile l ambayo kupoa imeipoteza bado imo katika pole, polepole na upole. Mhola na poa, basi, vinatoka katika shina moja la Kibantu, shina la ubaridi na nafuu. Kijana amerudi kulekule aliko babu yake, ila kwa njia ya barabara kuu. Wote wawili wanasema: kilichokuwa cha moto si cha moto tena, tuko salama.

Kutulia ni tofauti tena. Kilichotulia hakijaondoka. Mtoto aliyetulia bado yumo chumbani, na maumivu yaliyotulia huenda yakaamka usiku. Mhudumu wa zahanati anayesikia "tumbo limetulia" na kuandika kwenye kadi "amepona" ameandika jambo ambalo mgonjwa hakulisema.

Kupungua kwenyewe kunasimama wapi? Kupungua hakuahidi kurudi kama kupwa. Hakuleti habari ya nafuu kama kupoa, kwa maana maumivu yakipungua ni heri, lakini chakula kikipungua ni shari. Kitenzi hiki hakina upande. Kinasema tu kwamba palikuwa na kiasi, na sasa pana kiasi kidogo kuliko kile. Hesabu hiyo ni ya kutoa, na hesabu ya kutoa haiwezi kufanywa na mtu mwenye tarakimu moja.

Mtendaji anapoachwa nje

Sasa sarufi, na walimu mnivumilie maana haya mnayafundisha. Kupungua ni kitenzi kisichobeba yambwa. Huwezi kusema "nimepungua chumvi" kwa maana ya kuitoa. Chumvi yenyewe hupungua, na sentensi inakamilika bila mtu yeyote kuonekana ndani yake. Ukimtaka mtu, lazima uongeze sauti moja tu: pungua iwe punguza. Ukitaka kutaja tendo na kumwacha mtendaji nyuma ya mlango, unasema punguzwa. Ukitaka kumtazama aliyeumia, unasema pungukiwa.

Tuchukue mshahara. "Mshahara umepungua." Nani kaupunguza? Sentensi haijui, na haioni haya kutojua. "Mshahara umepunguzwa." Hapo pana mkono, ingawa mwenye mkono hajatajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni wa nani. "Mwajiri amepunguza mshahara." Sasa tuna kesi. "Nimepungukiwa." Hapo tumehama kutoka kwenye kesi tukaenda kwenye hali ya mtu, na hii ndiyo njia ya adabu ya kumwomba ndugu mkopo: husemi umetapanya, husemi umeibiwa, unasema umepungukiwa, naye kwa ustaarabu hakuulizi zaidi.

Sina ugomvi na adabu hiyo. Lugha isiyo na mahali pa kuficha aibu ya maskini ingekuwa lugha katili. Ugomvi wangu ni pale mwenye ofisi anapoazima adabu ya mkopaji. Mkopaji anamficha aliyeumia, naye ni yeye mwenyewe. Mwenye ofisi anamficha aliyeumiza.

Wazee mliokuwa kazini miaka ya 1990 mnakumbuka jinsi kitenzi hiki kilivyogeuzwa. Serikali na mashirika ya umma yalipopangwa upya, maelfu ya watumishi waliachishwa kazi, na neno lililotumika ni kupunguzwa. "Fulani amepunguzwa." Kisarufi kilichopungua ni idadi ya wafanyakazi; fulani hajapungua kilo wala kimo. Lakini kitenzi kilitoka kwenye idadi kikamkalia mtu, na mtu aliyerudi kijijini na barua yake alionekana kana kwamba kweli amekatwa kipande. Tuwe waangalifu tunapowatumia watu kitenzi cha vitu.

Ng'ombe wa Usukuma

Nakuja kwenye historia ya hapahapa. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Ulihusu wilaya za Mwanza, Kwimba, Geita, Shinyanga na Maswa, na enzi hizo nchi za watemi wa Itilima, Ntuzu na Kanadi zilikuwa ndani ya Maswa. Mpango ulikuja na amri nyingi: kulima kwa matuta, kupanda mihogo ya akiba, kuhama sehemu zilizosongamana na kwenda kwenye mapori yaliyofyekwa. Amri iliyochoma kuliko zote ilikuwa ya kupunguza mifugo.

Wataalamu wa serikali walikuwa na hoja. Ardhi ilichoka, nyasi zilikanyagwa hadi mchanga, makorongo yalifunguka. Walihesabu ng'ombe, wakahesabu eneo la malisho, wakasema hesabu hazilingani. Kwa upande huo walikuwa na kipimo. Lakini kipimo kilikuwa chao peke yao. Mfugaji alikuwa na cha kwake: ng'ombe wa mahari, ng'ombe wa kufuta deni, ng'ombe wa mwaka wa njaa, ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki kijiji cha pili ili ugonjwa ukiingia boma moja usiwamalize wote. Ukimwambia mtu huyo apunguze, yeye hasikii "punguza mzigo wa ardhi". Anasikia "pungukiwa".

Matokeo yake mnayajua. Chuki dhidi ya amri hizo ilikuwa mojawapo ya kuni zilizowasha siasa za uhuru Kanda ya Ziwa. Serikali ya kikoloni ilizuia TANU kufanya kazi Usukuma tangu 1954 hadi 1958, na katika miaka hiyohiyo nguvu za wakulima zilipita kwenye ushirika wa pamba. Vyama vyao vikaunganika chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria. Watu waliambiwa wapunguze, wao wakajibu kwa kujumlisha.

Leo afisa mifugo hasemi mara nyingi "punguza". Anasema "vuna". Tunaambiwa tuvune mifugo. Ni neno la ustadi, maana mkulima wa pamba na mtama hachukii kuvuna. Anayevuna ameongeza, hajapunguza. Hoja ya leo pia ina uzito wake, kwa sababu watu wameongezeka, mashamba yameingia kwenye malisho, na ng'ombe aliyeuzwa kabla ya kiangazi anampa mwenyewe fedha, wakati aliyekufa kwa kiangazi anampa ngozi. Lakini neno zuri halimalizi kazi ya maelezo. Shamba huvunwa na mwaka unaofuata likapandwa mbegu. Anayemwambia mfugaji avune ana wajibu wa kumwonyesha atakachokipata: soko liko wapi, bei ni ipi, na fedha ikikaa benki au kwenye bati la nyumba italinda familia kama ng'ombe alivyoilinda? Kama hayo hayapo, kitenzi kimebadilika na jambo limebaki lilelile la 1947.

Ziwa lilipungua au lilipunguzwa?

Mfano wa pili ni wa majirani zetu wa Busega, ambako mkoa wetu unagusa Ziwa Victoria. Wanaokumbuka mwaka 2006 wanakumbuka mialo iliyobaki mbali na maji, na mitumbwi iliyokwama kwenye tope. Kina cha ziwa kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya mita moja katika miaka michache, kikafika chini kuliko wakati wowote tangu kabla ya mvua kubwa za mwaka 1961. Kila mtu alisema ziwa limepungua. Ilikuwa kweli. Palikuwa na ukame, na mwaka huohuo nchi yetu nayo ilikuwa gizani kwa mgao wa umeme kwa sababu mabwawa yalikauka.

Lakini Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda, mahali Nile inapoanza safari yake. Hapo lilijengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa linaitwa Nalubaale, na kituo cha pili cha Kiira kikaanza kuzalisha umeme mwaka 2000. Tangu mwanzo palikuwa na makubaliano kuhusu kiasi cha maji kinachoruhusiwa kupita, kulingana na kina cha ziwa, ili mto utoke kama ambavyo ungetoka bila bwawa. Wataalamu walipokaa na takwimu za mvua, za mvuke na za maji yaliyopita Jinja, walikuta kwamba katika miaka ile maji yaliyoachiwa yalizidi kipimo hicho, na kwamba karibu nusu ya mshuko wa ziwa ilitokana na hayo. Nusu nyingine ilikuwa ya ukame.

Huo ndio mfano wangu wa matumizi sahihi ya Kiswahili. Ziwa lilipungua na lilipunguzwa, vyote viwili, na tunaweza kusema hivyo kwa sababu palikuwa na watu wenye daftari. Bila daftari, mvuvi wa Lamadi angebaki na kitenzi kimoja, na kitenzi hicho kingemtazamisha mbinguni tu. Na daftari halichagui upande. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi likavunja rekodi ya mwaka 1964 na kuingia majumbani mwa watu, na vipimo vilevile vilionyesha mvua kubwa za mwaka uliotangulia.

Tunapotafuta mkono usiokuwapo

Mpaka hapa mtu anaweza kuondoka akidhani ninawaambia kwamba kila kilichopungua kimepunguzwa na mtu. La hasha. Hilo ni kosa la pili, na Usukuma tumelilipia kwa damu.

Kwa miongo mingi, katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na huku kwetu, bibi vizee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Maziwa ya ng'ombe yalipungua. Mvua ilipungua. Uzito wa mtoto ulipungua, kisha mtoto akafa. Badala ya kuuliza "imepungua kutoka wapi hadi wapi, na kwa sababu gani", watu waliruka hadi "nani kapunguza", na jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa: mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Macho yale yalifanywa mekundu na moshi wa kuni na wa samadi kavu, baada ya miaka hamsini ya kuwapikia watu, pengine pamoja na hao waliokuja na panga. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba au mifugo ambayo mtu aliitaka. Waliodai kumtafuta mpunguzaji ndio waliompunguzia mwenzao siku zake.

Nimeyasema haya hapa kwa sababu makosa yote mawili yana mzizi mmoja. Karani asemaye "makusanyo yamepungua" bila kuonyesha hesabu, na umati usemao "bibi fulani kapunguza maziwa" bila kuonyesha hesabu, wanafanya jambo moja. Wote wamekimbia kipimo. Mmoja kaenda upande wa kisingizio, mwingine kaenda upande wa tuhuma. Dawa ya wote wawili ni kuuliza kipimo kwanza, kabla ya kuuliza mtu. Ng'ombe alikuwa anatoa lita ngapi? Lini? Amezaa lini? Amekula nini? Ana chango, ana kupe? Mara nyingi tukifika swali la tatu mkono tunaoutafuta umetoweka, na mahali pake pana ugonjwa wenye jina na dawa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatupa mfano mwema wa lugha ya aina hiyo. Utabiri wa msimu hausemi mvua "itapungua". Unasema itakuwa juu ya wastani, ya wastani au chini ya wastani, na wastani wenyewe ni wa kipindi cha miaka 30 iliyorekodiwa. Mkulima anaweza kubisha na utabiri, lakini anajua anabishana na namba gani.

Kinachobaki

Nimesema kupungua ni hesabu ya kutoa. Kila hesabu ya kutoa ina baki, na hapo ndipo wahudumu wa afya mnaponihusu zaidi.

Mtoto ana malaria. Anapewa dawa mseto, mara sita kwa siku tatu. Siku ya pili homa inapungua, anacheza, anaomba uji. Mama anaweka vidonge vilivyobaki juu ya kabati kwa ajili ya mwingine atakayeugua. Hakufanya uzembe. Alisikia "homa imepungua" akadhani ni "homa imekwisha". Kiswahili kinatenganisha mambo hayo kwa vitenzi viwili tofauti kabisa: kwisha hakuna baki, kupungua kuna baki. Vimelea vilivyobaki haviumi, lakini vimo. Sentensi ya kumpa mama ni fupi: "Homa itapungua kesho, ugonjwa utakwisha dozi ikikwisha."

Mfano mkubwa zaidi ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kabla ya hapo mtu aliyepungua mwili aliulizwa kama alikuwa safarini au ana mawazo. Katika miaka iliyofuata, "amepungua" likawa neno la kunong'ona. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita ugonjwa siliimu, jina la wembamba. Watu waliacha kuambiana "umepungua" kwa sababu neno lilikuwa limegeuka hukumu. Leo mjini watu wanalipa fedha ili wapungue, wanakimbia alfajiri kupunguza kitambi, na kitenzi kinarudi polepole kwenye mizani yake. Huku kijijini jeraha bado lipo, na mhudumu anayemwambia mgonjwa "umepungua" mbele ya foleni hajui anachokigusa.

Tazameni na jina lenyewe. Wengine hulifumbua UKIMWI kuwa ni ukosefu wa kinga mwilini. Wengine, na ndivyo ilivyozoeleka zaidi Tanzania, huita upungufu wa kinga mwilini. Herufi ni zilezile, lakini maana zinapishana kama mchana na usiku. Ukosefu ni sifuri. Upungufu una baki, na baki inaweza kulindwa na kuongezwa. Dawa zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, ilidhihirika kwamba waliosema upungufu walikuwa wamechagua neno la kweli. Dawa hizo nazo zilihitaji kitenzi. Tuliziita kwanza dawa za kupunguza makali, kisha likashika neno la kufubaza: dawa za kufubaza virusi. Kufubaa ni kupoteza ukali au ung'aavu huku kitu chenyewe kikiwapo. Aliyeteua neno hilo alimwambia mgonjwa ukweli wote kwa kitenzi kimoja: virusi havijatoka, havina nguvu, usiache dawa. Sijui neno la afya katika Kiswahili cha miaka hii lililofanya kazi nzuri kuliko hilo.

Neno kwa walimu kuhusu "mapungufu"

Najua mwalimu mmoja ataniuliza kuhusu mapungufu, kwa hiyo nijibu kabla sijaulizwa. Wahariri wengi na walimu wengi hulikataa wakisema sahihi ni upungufu, basi. Mimi nawaunga mkono, ila kwa sababu ya maana kuliko sababu ya umbo. Ripoti inayosema "mradi ulikuwa na mapungufu kadhaa" haisemi kitu. Kama saruji ilikuwa pungufu, andika upungufu wa saruji na utaje mifuko. Kama ukuta ulijengwa kombo, hiyo ni kasoro. Kama fedha zilichukuliwa, huo ni wizi, na wizi haujawahi kuwa upungufu isipokuwa kwa aliyeibiwa. Na mtoto asiyeelewa somo kwa haraka msimwite punguani. Neno hilo nalo ni mwana wa kupungua, na ni hesabu mbaya kuliko zote: kumtoa mtu kwenye ubinadamu wake bila kumpima.

Mzani na mkutano

Ndugu zangu, msimu wa pamba ukifika haya yote yatakuwa mezani kwenu, kwenye mzani wa chama cha msingi. Pamba iliyopimwa ikiwa na unyevu, ikikaa ghalani, uzito wake hupungua, na hapo hakuna mwizi. Pamba iliyotiwa maji na mchanga usiku nayo itapungua, na hapo mwizi ni mkulima. Mzani uliochezewa haupunguzi pamba hata gramu moja. Unampunja mwenye pamba. Hali tatu, na kwenye mazungumzo ya kijiweni zote huitwa "kilo zimepungua". Mwenye stakabadhi, tarehe na kilo za kwanza anaweza kuzitenganisha. Asiye nazo atachagua ile inayomridhisha moyo.

Kuna mahali pengine pa kulifanyia kazi somo hili, na hapo sheria iko upande wenu. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, unaotakiwa kukutana angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Siku ile atakaposimama mtu na kusoma kwamba makusanyo yamepungua, msimzomee wala msimpigie makofi. Mwulizeni kwa mpangilio huu: yalikuwa shilingi ngapi robo iliyopita, sasa ni ngapi, tofauti imetokana na nini, na iliyobaki iko wapi. Pengine mnada ulifungwa kwa ugonjwa wa mifugo, nanyi mtamshukuru kwa kuwaeleza. Pengine hatakuwa na jibu, nanyi mtajua kwamba kitenzi alichopaswa kukisoma kilikuwa na z ndani yake.

Walimu, wapeni watoto zoezi hilohilo: sentensi kumi zenye "imepungua", na kila moja waiandike upya ikiwa na kipimo chake, sababu yake na baki yake. Litasahihishwa kama Kiswahili, na litasahihishwa kama hesabu.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.